Kupiga msamba si kinga: Wachezaji wa hoki ya magurudumu wajenge nguvu za nyonga

KUNA imani iliyokita mizizi miongoni mwa wachezaji na makocha wengi kwamba mtu anayeweza kupiga msamba, au kuinama akashika vidole vya miguu bila kukunja magoti, haumii kirahisi. Imani hii imeingia pia katika michezo ambayo vijana wetu wanaichangamkia kwa hamu, ukiwemo mchezo wa hoki ya viatu vya magurudumu. Utamwona kocha akiwaketisha vijana chini kwa dakika 20 wakivuta miguu huku na kule, kisha anawaambia wavae viatu na kuingia uwanjani. Kwake yeye, kazi ya kuwakinga na majeraha imekwisha.

Kwa maoni yangu, kazi hiyo haijaanza. Unyumbufu wa viungo vya chini, yaani nyonga, mapaja, magoti na vifundo vya miguu, ni jambo la maana sana kwa mchezaji wa hoki hii. Lakini unyumbufu usiokuwa na nguvu ni kama mlango mpana usio na komeo. Wanaolipa gharama ya kutojua hilo ni vijana wenyewe, ambao huanza kwa kuhisi maumivu madogo ya kinena, wakayapuuza, na mwishowe wakaacha mchezo kabla ya kufika umri wa kung'aa.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe, hoki ya magurudumu huchezwa katika uwanja mgumu na laini uliozungushiwa ukuta mfupi. Kila upande huwa na wachezaji 4 na kipa. Hakuna mpira, kuna kisahani kigumu cha plastiki kinachopigwa kwa fimbo iliyopinda. Viatu vina magurudumu yaliyopangwa katika mstari mmoja. Tofauti na hoki ya barafu, sheria haziruhusu mchezaji kumgonga mpinzani kwa mwili ili kumwondoa njiani. Mashindano ya kwanza ya dunia ya shirikisho la michezo ya magurudumu yalifanyika Chicago, Marekani, mwaka 1995.

Hapa kwetu, vijana wamekuwa wakiteleza kwa magurudumu katika maegesho ya magari jijini Nairobi siku za Jumapili, wakati magari ni machache. Baadhi ya waliojifunza huko waliingia katika hoki ya barafu baada ya uwanja wa barafu kufunguliwa katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, mwaka 2005. Timu ya Ice Lions ilialikwa Kanada mwaka 2018, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Kwa hivyo suala hili si la watu wa mbali. Ni la vijana wetu, na wakati wa kuwafundisha vyema ni sasa, kabla tabia mbovu hazijazoeleka.

Mguu hufanya nini?

Anayekimbia kwa miguu husukuma ardhi nyuma yake. Anayeteleza kwa magurudumu husukuma kando. Hukunja magoti na nyonga, huinamisha kiwiliwili mbele, kisha huutupa mguu mmoja nje huku mwingine ukibeba uzito wote wa mwili. Misuli ya makalio na ya upande wa nje wa nyonga ndiyo inayousukuma mguu huo nje kwa nguvu.

Basi ni nani anayeusimamisha mguu huo usiendelee kwenda nje hadi mchezaji akachanika? Ni misuli ya ndani ya paja, ile inayoshuka kutoka kinena kuelekea goti. Misuli hii hufanya kazi ya breki. Inalazimika kukaza wakati uleule inaporefushwa, kisha iuvute mguu urudi ndani kwa hatua inayofuata. Kazi hii hurudiwa mamia ya mara katika mchezo mmoja, na mara nyingi ghafla, mchezaji anapogeuka kukifuata kisahani kilichobadilisha njia.

Fauka ya hayo, magurudumu ya mpira mgumu hung'ang'ania sakafu kuliko chuma kinavyong'ang'ania barafu. Kwenye barafu mchezaji hugeuza kiatu kando akasimama kwa kukwangua. Kwenye sakafu, kusimama kwa njia hiyo ni kugumu zaidi, na mshtuko wa kujizuia hupanda hadi kwenye goti, kinena na kiuno. Nacho kiatu chenyewe ni kigumu na hukibana kifundo cha mguu, kwa hivyo sehemu kubwa ya kujipinda huachiwa nyonga.

Ndiyo maana ninasema kwamba swali la kumuuliza mchezaji si moja tu, kwamba mguu wako unafika wapi. Swali la pili ni hili: ukifika huko, una nguvu za kuurudisha?

Ushahidi wa wataalamu

Swali hilo la pili si la kubuni. Mwaka 2001 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi wao kuhusu timu moja ya ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL. Kabla ya msimu kuanza, waliwapima wachezaji nguvu na unyumbufu wa misuli ya nyonga, kisha wakawafuatilia wachezaji 47 kwa misimu 2. Katika muda huo wachezaji 8 walichanika misuli ya ndani ya paja, jumla mara 11.

Watafiti hao walipotazama vipimo vya awali, waligundua kwamba unyumbufu wa misuli hiyo haukutofautiana kati ya walioumia na wasioumia. Kilichotofautiana ni nguvu. Waliokuja kuumia walikuwa na nguvu pungufu kwa asilimia 18 katika misuli ya ndani ya paja. Kwa wachezaji wasioumia, nguvu ya misuli ya ndani ilikuwa asilimia 95 ya nguvu ya misuli ya nje. Kwa walioumia ilikuwa asilimia 78 tu. Mchezaji ambaye misuli yake ya ndani haikufikisha asilimia 80 ya nguvu ya misuli ya nje alikuwa katika hatari ya kuumia mara 17 zaidi ya mwenzake.

Hawakuishia hapo. Wachezaji wa timu hiyo waliopatikana na upungufu walipewa mazoezi maalumu ya kujenga misuli ya ndani ya paja kwa wiki 6 kabla ya msimu. Mwaka 2002 yakatolewa matokeo: katika misimu 2 iliyofuata, majeraha ya aina hiyo yalikuwa 3, ilhali misimu 2 iliyotangulia yalikuwa 11.

Ni kweli kwamba hiyo ni timu moja, tena ya barafu. Hata hivyo, namna ya kusukuma mguu kando na kuurudisha ni ileile, iwe juu ya barafu au juu ya sakafu. Isitoshe, matokeo yanayoelekea upande huo yamepatikana katika mchezo tofauti kabisa. Huko Norway, wachezaji wa kandanda waliopewa zoezi moja la kuimarisha misuli ya ndani ya paja walipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa asilimia 41, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019. Zoezi hilo halihitaji chombo chochote, na nitalieleza hapa chini.

Je, tuache kunyoosha?

La hasha! Atakayesoma makala haya na kuhitimisha kwamba kunyoosha viungo ni kupoteza wakati atakuwa amenielewa vibaya. Mwaka 2020 watafiti wa Uhispania walichapisha uchunguzi kuhusu wachezaji wa ngazi ya juu wa nchi hiyo katika hoki hii hii ya magurudumu. Walibaini kwamba wachezaji ambao nyonga zao zilikuwa na mzunguko mdogo, hasa mzunguko wa kuelekea nje, ndio waliokuwa katika hatari ya kupata maumivu ya kiuno.

Sababu yake haihitaji elimu ya juu kuielewa. Mchezaji anapopiga kisahani au anapogeuka ghafla, mwili ni lazima uzunguke mahali fulani. Nyonga ikikataa kuzunguka, kiuno hubebeshwa mzigo huo, na kiuno hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo, misuli ya mbele ya nyonga hufupika na kukaza kwa mtu anayecheza akiwa ameinama na kisha anashinda ameketi darasani au ofisini. Misuli hiyo ikikaza, hulivuta fupanyonga mbele na kuuzuia mguu usinyooke vizuri mwisho wa kusukuma.

Kwa hivyo yapo maeneo yanayostahili kunyooshwa. Kosa letu ni kunyoosha kila kitu kwa kila mtu, bila kupima. Kile kipimo cha kukaa chini na kushika vidole, ambacho shule nyingi duniani zimekitumia tangu kilipobuniwa mwaka 1952, kinaonyesha zaidi urefu wa misuli ya nyuma ya paja na kujikunja kwa mgongo. Hakisemi lolote kuhusu mzunguko wa nyonga wala kuhusu misuli ya ndani ya paja. Kijana anaweza kukipita kwa kishindo na bado akawa na nyonga ngumu kama gogo.

Mfupa haunyooshwi

Lipo jambo jingine ambalo kila kocha anapaswa kulijua kabla hajamkalia kijana mgongoni na kumsukuma chini. Si kila ugumu wa nyonga unatokana na misuli. Kwa baadhi ya watu, kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia katika tundu la nyonga, huwa na kinundu. Mguu ukikunjwa na kuzungushwa ndani, kinundu hicho hugonga ukingo wa tundu.

Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwalinganisha vijana wa miaka 10 hadi 18 wanaocheza hoki ya barafu na wenzao wanaoteleza kwenye theluji. Takriban robo tatu ya wachezaji wa hoki walikuwa na umbo hilo la mfupa, ikilinganishwa na asilimia 42 ya wale wa theluji. Makipa wamo katika hatari ya pekee, kwa kuwa huanguka kwa magoti huku nyayo zikitupwa kando ili kuziba lango, mkao unaozungusha nyonga ndani kupita kiasi.

Kijana wa namna hiyo akilazimishwa kunyooshwa, haongezi unyumbufu hata chembe. Anachokipata ni mfupa kusaga gegedu lililozunguka tundu la nyonga. Maumivu yanayochoma ndani ya kinena wakati wa kukunja mguu si dalili ya uvivu, wala hayaondolewi kwa kusukumwa zaidi. Ni dalili ya kumwona daktari. Mtindo wa mwenzako kukukandamiza hadi machozi yakutoke ungepigwa marufuku katika kila klabu.

Kabla ya mchezo

Tatizo jingine ni wakati wa kunyoosha. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa miongoni mwa makuruta 1,538 wa jeshi la Australia. Nusu yao walinyoosha misuli ya miguu kabla ya kila zoezi na nusu hawakunyoosha. Majeraha hayakupungua kwa kiasi cha maana miongoni mwa walionyoosha. Uchunguzi mwingi wa baadaye umeonyesha pia kwamba kuuvuta msuli mmoja na kuutuliza hapo kwa zaidi ya sekunde 60, kisha ukaingia uwanjani moja kwa moja, hupunguza kidogo nguvu na kasi ya msuli huo.

Kinachofaa kabla ya mchezo ni kuupasha mwili moto kwa mwendo: kutembea kwa hatua ndefu ukishusha goti, kutupa mguu mbele na nyuma, kuuzungusha nyonga, kuruka kando kama mtelezaji, kisha kuteleza polepole huku ukiongeza kasi. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Kule kunyoosha kwa utulivu kuwekwe baada ya mazoezi au jioni nyumbani, sekunde 30 kwa kila msuli, mara 2 au 3, bila kurukaruka na bila maumivu makali.

Jipime mwenyewe

Makocha wengi wataniambia kwamba huko NHL kuna mashine na wataalamu, ilhali wao wana uwanja wa saruji na viatu vya kuazimana. Hoja hiyo nimeifikiria, na ninaiona ni dhaifu. Vipimo vinavyofuata vinahitaji benchi, ukuta na mpira wa kandanda.

Kwanza, lala chali ukingoni mwa meza au benchi imara, makalio yakiwa karibu na ukingo. Likumbatie goti moja kifuani. Paja la pili linapaswa kulala sambamba na meza. Likiinuka, misuli ya mbele ya nyonga imekaza.

Pili, keti juu ya benchi ndefu miguu ikining'inia. Bila kuinua paja, peleka unyayo nje kadiri uwezavyo, kisha uupeleke ndani. Linganisha mguu wa kulia na wa kushoto. Tofauti kubwa kati ya miguu hiyo miwili ni jambo la kushughulikiwa.

Tatu, simama mbele ya ukuta, kisigino kikigusa sakafu, ukijaribu kugusa ukuta kwa goti. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo mpaka kisigino kitake kuinuka. Pima umbali wa kidole gumba kutoka ukutani na ulinganishe miguu yote miwili. Kipimo hiki huonyesha unyumbufu wa kifundo.

Nne, na hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote, lala chali ukiwa umekunja magoti, weka mpira katikati ya magoti na uubane kwa nguvu zako zote kwa sekunde 5. Ukihisi maumivu ya kinena, usicheze kwa nguvu siku hiyo. Kocha akilifanya hili kila wiki atagundua tatizo mapema, kabla msuli haujachanika.

Kuhusu kujenga nguvu, kubana mpira ni mwanzo mzuri: mara 10, sekunde 5 kila mara. Anayeweza bila maumivu aendelee na lile zoezi la wachezaji wa Norway. Lala kwa ubavu ukijiegemeza kwa kiwiko. Mwenzako asimame na kuushika mguu wako wa juu, mkono mmoja chini ya goti na mwingine kwenye kifundo. Inua kiuno hadi mwili unyooke, huku mguu wa chini ukipandishwa ukutane na wa juu, kisha teremka polepole kwa sekunde 3. Anza na mara 3 hadi 5 kwa kila upande na uongeze taratibu. Fanya hivyo mara 3 kwa wiki kabla ya msimu kuanza, na mara 1 kwa wiki msimu ukiendelea. Usiache misuli ya makalio, kwani bila hiyo goti huangukia ndani.

Mambo yasiyofaa kupuuzwa

Maumivu ya kinena yanayodumu zaidi ya wiki 2, maumivu yanayokuamsha usiku, nyonga inayokwama au kulia ka! ndani, ganzi inayoshuka mguuni, au kuchechemea kwa mtoto bila sababu, yote hayo yanahitaji hospitali. Si kila maumivu ya kinena ni ya msuli. Yanaweza kuwa ngiri, au mfupa ulioanza kupasuka. Kwa mtoto anayebalehe, kuna pia hatari ya kichwa cha mfupa wa paja kuteleza kutoka mahali pake, na hali hiyo hutaka matibabu ya haraka. Kusuguliwa kwa mafuta ya moto pembeni mwa uwanja hakutibu hata moja kati ya hayo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wengi humnunulia mtoto viatu, kofia na kinga za magoti, nao hufanya vyema. Lakini hakuna kinga ya plastiki inayozuia msuli wa kinena usichanike. Kinga ya hapo ni misuli yenyewe, nayo haiuzwi dukani.

Kwa wanaosimamia vilabu, ombi langu ni dogo. Kila mchezaji apimwe mara 2 kwa mwaka, matokeo yaandikwe katika daftari, na ratiba ya mazoezi itenge dakika 15 za nguvu za nyonga kama inavyotenga muda wa kupiga mabao. Anayekaza anyooshwe mahali palipokaza. Mwenye viungo vyepesi tayari asiongezewe wepesi, aongezewe nguvu. Na kijana anayesema kinena kinamuuma aaminiwe mara ya kwanza, asiambiwe ajikaze kiume.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Ufa wa mchezaji wa magurudumu huanzia ndani ya paja, na mpira mmoja wa kandanda unatosha kuugundua.